Kiti Kilichogeukia Ukuta

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Sijui kipi kitakatika mapema.

Naandika kwa sababu sina wa kuongea naye. Mume wangu ni kinyozi, watu wanamwita Mkasi, na tangu tuoane mdomo wake haukuwahi kukauka. Alikuwa akimnyoa mtu nusu kichwa, anasimama na mkasi hewani mpaka hadithi iishe, na mteja hathubutu kuondoka na nusu ya nywele. Jioni alizileta habari zote mezani: nani kaoa, nani kakimbiwa, nani ana upara na anauficha kwa kofia. Tulikula polepole mno, mboga ikaganda kwenye sahani, na hakuna aliyejali.

Kiharusi kilimpata kabla ya mwaka kuisha. Akili yake iko salama. Miguu inajikongoja, mkono wa kulia umelegea. Kilichoharibika hasa ni ulimi na koo. Maneno yanamtoka mazito, yamekatikakatika, na maji ya kawaida yanaweza kumwingia mapafuni badala ya tumboni. Alizoea kusema ulimi hauna mfupa. Sasa ni kama umeota mfupa.

Jumanne, 5 Machi

Leo kituo cha afya kimetuletea mtu wa kumfundisha kuongea na kumeza. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Ameingia binti mwembamba mwenye mabuti ya mvua, akayaacha mlangoni, akaomba maji ya kunawa mikono. Nikamwuliza daktari anakuja saa ngapi. Akasema ni yeye. Tangu hapo nikampa jina: Binti wa Ulimi. Sijamwambia.

Amekagua viti vyetu kama mtu anayenunua. Kochi linazama, stuli hazina mgongo. Kisha akauliza kile kilichofunikwa shuka kwenye kona ni nini. Ni kiti cha kunyolea. Tulikibeba hadi nyumbani tulipokirudisha kile chumba alichokuwa akinyolea kwa mwenye nyumba. Kina mahali pa kuegemeza kichwa, mahali pa kukanyaga, na kinazunguka. Binti akakikalia, akajizungusha, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini.

"Mama, hiki ni kizuri kuliko tulivyonavyo kule kwetu," akasema.

Kwa hiyo mume wangu atakula kwenye kiti chake cha kazi. Masharti ni haya: kinywa kisafishwe kwa mswaki kabla ya kula na baada ya kula, akae wima, kijiko kiwe kidogo, kidevu kishuke, ameze, ameze tena kabla ya kingine. Chochote cha kunywa kitiwe unga maalumu mpaka kishuke kwenye kijiko taratibu kama asali. Akikohoa, nisimamishe kila kitu. Redio izimwe. Na mezani mtu asiongee.

Nikamwuliza kama na mimi nimo. Akasema nimo hasa, kwa kuwa nikimsemesha atanijibu, na mtu akiongea na chakula kinywani njia ya hewa inafunguka. Nilitamani kumwuliza kama ameolewa. Aliyeolewa hawezi kutoa amri kama hiyo na uso mkavu vile.

Jumatano, 6 Machi

Tumekula kimya. Nimesikia vijiko.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimeshona sketi za shule mpaka mgongo ukagoma. Nilimpa maji yaliyotiwa ule unga, akanitazama kama mteja aliyekatwa sikio. Nikayaonja mwenyewe. Ana haki.

Jumanne, 12 Machi

Binti wa Ulimi ametaka kioo cha kule kazini. Kimesimamishwa mbele ya kiti, na mume wangu, aliyewanyoa mahakimu na maharusi, ametoa ulimi nje, ameusukuma kushoto, ameusukuma kulia, amejaza hewa mashavuni, amesema pa-ta-ka, pa-ta-ka. Nilikimbilia jikoni nisije nikacheka mbele yake. Nilipofika jikoni nikalia.

Anamfundisha kusema maneno machache kwa kila pumzi. Avute hewa, aseme, apumzike. Na mimi nimefundishwa kunyamaza, ambalo ni somo gumu kuliko lake. Kila alipoanza neno nililimalizia. Akisema "ma" nasema "maji". Akisema "cha" nasema "anataka chai". Binti akanipa onyo kwa adabu, akasema, mama, leo umemsemea sana baba. Nikamjibu kwamba nimeishi na mtu huyu tangu yeye hajazaliwa, najua anachotaka hata akiwa usingizini.

Mume wangu akafumba mdomo na kutazama sakafu. Nikasema amechoka, basi somo likaisha.

Jumapili, 17 Machi

Leo amenigeuzia mgongo. Nilimwekea chakula kwenye ubao tuliouweka juu ya mikono ya kiti, viazi vya kuponda na yai laini, nikavuta stuli nikakaa mbele yake na sahani yangu. Akasukuma sakafu kwa mguu mzima, kiti kikazunguka, akatazama ukuta. Alikula chote akiwa vile, kijiko kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikula nikitazama kisogo chake.

Nilipomaliza kuosha vyombo nikamwuliza kama nimemkosea. Akatikisa kichwa. Akaanza kusema kitu, mimi nikasema, "Unaona haya, najua." Akaachia hapo.

Jumatatu, 18 Machi

Amegeuka tena.

Alhamisi, 21 Machi

Ukutani. Mvua haijakatika tangu juzi, na nguo za watu hazikauki.

Alikuja mteja wake wa zamani, yule mwenye kofia. Alimpigia kelele kama anayeongea na kiziwi, "MZEE MKASI, UNAENDELEAJE?" Mume wangu akavuta pumzi ajibu, lakini mwenzake hakungoja, akanigeukia mimi akauliza anaendeleaje. Aliondoka kabla kochi halijapata joto. Hao ndio waliokuwa wakishinda kwenye benchi la kinyozi bila nywele za kunyoa.

Jumanne, 26 Machi

Binti ameikuta sahani kwenye ubao na kiti bado kimegeuka. Akamwuliza kwa nini anakula akitazama ukuta. Mume wangu akavuta hewa. Akasema, "Ni-ki..."

Nikasema, "Ni haya, mwanangu. Mtu mzima kudondosha chakula mbele ya mkewe."

Binti akaninyooshea kidole kimoja, mimi mkubwa wake, nikae kimya. Akangoja. Sijawahi kuona mtu anangoja vile. Nilisikia maji yakishuka kwenye bomba la paa mpaka chini. Lakini mume wangu alikwisha kupunga mkono, kwamba tuyaache. Nilimkasirikia binti hadi jioni. Kisha nikajikasirikia, bila kujua sababu.

Nimeandika haya mume wangu akiwa amelala. Zamani ndiyo saa aliyokuwa akiniuliza, "Nikwambie kingine?" Nilikuwa nikijifanya nimelala. Sasa ningempa cherehani yangu aniulize tena.

Jumanne, 2 Aprili

Habari njema. Wiki nzima hajakohoa. Nimeanza kuupunguza unga kwenye maji, na uji nimeufanya mwepesi kidogo, ushuke vizuri. Anakunywa bila shida yoyote. Binti amekwenda mafunzoni; nimeona nisimwambie bado, nimshangaze akirudi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilipeleka sketi shuleni, nikarudi nikamkuta wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu siku ya harusi anaamini kaka yake angepata bora zaidi. Alikuwa amemjia na chupa ya chai, ameketi kando ya kiti, na kikombe kilikuwa kitupu.

Nikamwuliza kama amempa chai ile ile bila kuitia unga. Akasema, "Wifi, mgonjwa haulizwi uji, lakini wewe unampa gundi. Kanywa kikombe kizima, hakukohoa hata mara moja." Akanionyesha kikombe, ushahidi.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Naye akanipa yangu. Mume wangu alikuwa katikati yetu, akituzungukia kwa kile kiti, mara huku mara kule, mdomo wazi, na hakuna aliyemtazama.

Jumatatu, 8 Aprili

Ana joto. Hataki kula.

Jumanne, 9 Aprili

Hospitali. Nimonia.

Ijumaa, 12 Aprili

Niandike yote, maana hapa wodini nikiongea peke yangu watanilaza na mimi.

Jana Binti wa Ulimi alikuja na mabuti yake, nywele zimelowa. Nilimpeleka pembeni nikamweleza habari ya wifi na chupa yake ya chai, nikamweleza vizuri, bila kumwonea huruma. Nilitaka aniunge mkono. Akaniuliza swali moja: na nyumbani, unga ulikuwa unatia kiasi gani?

Nikasema nilipunguza, kwa sababu alikuwa hakohoi.

Alikaa chini kwenye benchi. Akanieleza taratibu kwamba wamempiga picha mume wangu akiwa anameza, na picha imeonyesha kila kitu chepesi kinachungulia kwenye njia ya hewa na kingine kinaingia kabisa, na koo lake halishtuki. Kiharusi kimelilaza. Watu wengine wakipaliwa wanakohoa mpaka macho yanatoka. Yeye anapaliwa kimya kimya. Hakusema ni kosa langu. Alisema kosa ni lake, kwamba alitufundisha kusikiliza kikohozi na hakutuambia vya kutosha kwamba kuna koo lisilokohoa.

Kwa hiyo mimi na wifi tulikuwa tunasikiliza kitu kimoja, tukapumbazwa na kitu kimoja. Yeye kwa kikombe kimoja, mimi kwa wiki nzima.

Nilimkuta wifi nje, chini ya paa la lango, bila mwavuli. Hakuwa amethubutu kuingia. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na wangu. Hakunicheka. Alinishika mkono tukasimama hivyo mpaka mvua ikapungua, na nikaona kwamba ana vidole vya mume wangu, virefu, vyenye kucha bapa. Miaka yote hii sikuwahi kuvitazama.

Jumapili, 14 Aprili

Homa imeshuka. Analala sana.

Alhamisi, 18 Aprili

Daktari wa wodi amepita haraka akasema dawa ni mrija. Unapitishwa kwenye ngozi ya tumbo, chakula kinamiminwa humo, koo linapumzishwa. Amesema yatajadiliwa nyumbani na mtaalamu wetu, kisha akaenda kitanda kingine. Mume wangu alikuwa macho. Daktari aliniambia mimi.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumerudi nyumbani, na vita imeanza. Mwanetu amepiga simu kutoka anakofanya kazi, anasema mrija uwekwe, hataki kupigiwa simu ya msiba. Wifi naye anasema mrija, ameogopa. Mimi peke yangu nakataa. Mtu si gari la kutiwa mafuta kwa mpira. Mume wangu amepoteza kazi, amepoteza mkono, amepoteza wateja. Hata ladha ya yai tumnyang'anye? Namjua. Atataka kula. Nimeapa kumtetea hata kama watanichukia wote.

Amekula viazi leo. Akitazama ukuta.

Jumanne, 23 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Binti wa Ulimi alifika asubuhi. Wifi alikuwepo, mwanetu alikuwa kwenye simu tuliyoiweka juu ya cherehani, sauti imefunguliwa. Binti akaeleza njia mbili. Ya kwanza, aendelee kula kwa mdomo kwa uangalifu wote, tukijua kwamba nimonia inaweza kurudi na safari nyingine isimwache. Ya pili, mrija, ambao hautamwondolea hatari yote, kwa kuwa hata mate huteremka vibaya, lakini utaipunguza kazi ya koo. Na akipenda, anaweza kuonjeshwa kijiko kimoja au viwili, kinywa kikiwa kisafi. Akasema hakuna jibu la kitabuni.

Nikaanza mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema mume wangu anataka kula, na mtu ana haki ya kufa akiwa ameshiba. Wifi akasema bora kaka hai mwenye mrija. Mwanetu akasema kitu, simu ikakwaruza. Nikampandishia sauti, wifi akanipandishia yake.

Binti hakupandisha sauti. Alizima simu ya mwanetu, akamwomba radhi kwanza, akasema atampigia baadaye. Kisha akavuta stuli akakaa mbele ya kiti, magoti yakikaribia kugusana na ya mume wangu.

"Baba, hawa wameshasema," akasema. "Sasa tunakusikiliza wewe. Hakuna haraka."

Akanigeukia mimi, akaweka kidole mdomoni mwake. Nami, kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, nikanyamaza kwelikweli. Niliuma ulimi. Siyo msemo, niliuuma.

Mume wangu akavuta hewa. Akasema, "M-rija."

Nilihisi kama amenipiga kofi. Nilitaka kusema hajaelewa, amechoka, anamwogopa dada yake. Binti hakuniangalia. Alimwuliza kwa nini, na akangoja.

Akavuta hewa tena. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika, na mara mbili alisimama, na mara zote mbili nilikuwa na neno tayari kinywani, nikalimeza.

"Ni-kila," akasema, "si... ongei." Akapumzika. "Niki-muona. Na-taka. Kuongea naye." Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Ndiyo maana... ukuta."

Wifi alishika kichwa. Mume wangu hakuwa amemaliza. Binti alijua, alibaki ameinama mbele.

"Yeye ale," akasema. "Mimi... niongee."

Nilikuwa nimepigania yai na viazi siku zote hizi, na hakuvitaka. Nilisema anaona haya, kumbe alikuwa akijizuia. Kila jioni alikigeuza kiti ili asivutwe na uso wangu akasema neno na kupaliwa, na mimi nikakaa nyuma yake nikijihurumia. Angeniambia tangu Machi. Alianza kuniambia. Nilimkatiza.

Nilipiga magoti kando ya kiti, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani, akazipapasa nywele zangu kama anayepima pa kuanzia kunyoa.

Jumatano, 24 Aprili

Nimempigia mwanetu. Nimemwambia baba yake ameamua. Akauliza nani kaamua, nikarudia: baba yako.

Jumatatu, 6 Mei

Mrija umewekwa. Kidonda ni kidogo. Wauguzi wametufundisha, mimi na wifi pamoja. Wifi ana mkono mwepesi kuliko wangu, na nimemwambia.

Alhamisi, 9 Mei

Manyunyu tu. Nguo zimekauka.

Jumapili, 12 Mei

Jioni ya leo nilimlisha kwanza kupitia mrija, akiwa ameketi wima, kama tulivyofundishwa. Hakuna cha kutafuna, hakuna cha kungoja. Kilipokwisha nikasafisha, nikafunika. Kisha nikasimama jikoni nikakosa la kufanya. Nilikuwa nimepika, lakini niliona aibu kubeba sahani mbele ya mtu asiyeweza kula. Nilifikiri nile huko huko nikiwa nimesimama, kama nilivyofanya wodini.

Akagonga ubao wa kiti. Nikatoka. Kiti kilikuwa kinatazama meza.

Nikakaa na sahani yangu. Nilitafuna na kujisikia natafuna, na hilo ni jambo la upweke pia, nisijidanganye. Nitakula peke yangu siku zote zilizobaki. Mume wangu akavuta hewa, akaanza. Ilikuwa habari ya yule mteja mwenye kofia. Kumbe upara ule ulianza na dawa ya kuotesha nywele aliyouziwa na mkwe wake mwenyewe. Zamani habari kama hiyo angeimaliza kabla sijanyoosha mkono kuchukua chumvi. Leo alikwenda neno, pumzi, neno, pumzi, na sikumsaidia hata moja, hata pale nilipojua linakuja lipi. Mboga iliganda.

Alipofika mwisho akapumzika, akatazama sahani yangu. Akauliza, "Kita-mu?"

Nikamwambia hapana, ni kibaya, hakina chumvi, na viazi vimeungua kwa chini.

Akanitazama sana. Akavuta hewa mpaka mabega yakapanda.

"Mke wangu," akasema. "Mu-ongo. Sana."

Nilicheka huku chakula kikiwa kinywani, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Yeye alikaa akingoja nimalize, maana alikuwa na kingine cha kuniambia.